SOLA JUU YA MAJI: MWILI WA FUNDI NI AMANA

Na Tabibu wetu, Morogoro



Ndugu msomaji, sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Katika safu za afya tumezoea kuzungumzia malaria, kipindupindu, lishe ya watoto na usafi wa vyoo. Leo tunaingia katika maudhui ambayo huenda yakaonekana mageni: afya ya vijana wetu wanaofunga sola, hasa pale kazi hiyo inapofanyika juu ya maji. Mimi mwenyewe sikuwa nimeifikiria mpaka ilipokuja yenyewe zahanati.

Alikuja kijana mmoja wa hapa mjini, fundi wa sola, mume na baba wa watoto wawili, akitembea ameinama upande kama mzee. Alieleza kuwa alikuwa amepata kazi ya wiki tatu katika shamba la mboga chini ya milima ya Uluguru. Mwenye shamba alikuwa na lambo la kumwagilia, akataka pampu ya sola. Kwa kuwa hakutaka kupoteza ardhi ya kulima, paneli ziliwekwa juu ya chelezo cha mapipa ya plastiki na mbao, kikaelea katikati ya lambo. Kijana huyu na msaidizi wake walibeba paneli kutoka barabarani, wakaingia nazo majini hadi kiunoni, kisha wakazifunga wakiwa wamechuchumaa juu ya chelezo. Siku moja chelezo kiliinama, akateleza na paneli mikononi. Hajui kuogelea. Msaidizi wake alimvuta kwa kamba ya pampu.

Nilimtibu mgongo akaondoka. Miezi mitatu baadaye alirudi, safari hii akisubiri wagonjwa wote watoke kwanza. Alikuwa anaona damu mwishoni mwa haja ndogo. Alidhani ni maradhi ya zinaa, na nyumbani maneno yalikwishaanza kati yake na mkewe. Tulipoangalia mkojo kwa hadubini tuliona mayai ya kichocho.

Ndugu zangu, kazi moja ilimuumiza mgongo, ilikaribia kumzamisha, ikampa maradhi, na ikataka kumvunjia ndoa. Na hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lisingeweza kuzuiwa kwa gharama ndogo.

SOLA ZINAZOELEA NI NINI?

Ni paneli za kawaida za umeme wa jua zilizofungwa juu ya maboya ya plastiki na kuelea bwawani. Maboya huzuiwa yasisafiri kwa kamba na nanga, na umeme hupelekwa nchi kavu kwa nyaya. Faida zake ni kutotumia ardhi ya kilimo, kupunguza maji yanayopotea kwa jua, na kuzifanya paneli zisipate joto kupita kiasi.

Mtambo wa kwanza wa aina hii ulijengwa Aichi, Japani, mwaka 2007. Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi, ilizindua mtambo wa megawati 192 juu ya bwawa la Cirata, Java Magharibi, Novemba 2023. Barani Afrika, Ghana imeweka sola zinazoelea katika bwawa lake la umeme la Bui.

Sisi wa Morogoro tunahusika vipi? Mkoa wetu ni mkoa wa maji na umeme. Kidatu inazalisha umeme tangu mwaka 1975. Kihansi ipo. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mpakani mwa Morogoro na Pwani, lina mitambo ya megawati 2,115. Penye bwawa kubwa na nyaya za umeme tayari, ndipo sola zinazoelea hupendelewa kuwekwa. Lakini hata kabla ya miradi mikubwa, vijana wetu wanafunga paneli juu ya mapaa ya misikiti na nyumba, katika vijiji vya mlimani, na pembeni mwa malambo. Hivyo basi, somo hili ni la leo.

KWANZA: MGONGO NA VIUNGO

Ipo elimu inayoitwa ergonomia. Maana yake kwa lugha nyepesi ni kuifanya kazi iufuate mwili, badala ya mwili kulazimishwa kuifuata kazi.

Paneli kubwa za siku hizi huwa na uzito wa kilo 20 hadi 30 na zaidi. Taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini ya Marekani (NIOSH) imeweka kilo 23 kuwa kikomo cha mzigo wa kuinua kwa mikono pale hali zote zinapokuwa nzuri: mzigo uko karibu na mwili, usawa wa kiuno, mtu hajipindi, na miguu imesimama imara. Sasa tazama fundi aliye juu ya chelezo. Paneli ni pana, haikai karibu na mwili. Anaiokota chini. Anajipinda kuiweka. Na pale aliposimama panayumba. Kwa hali hiyo hata kilo 15 zinaweza kuwa nyingi.

Wengine watasema, mbona mama zetu wa Mgeta na Matombo wanashuka mlimani na vikapu vizito kichwani? Mzigo wa kichwani unakaa wima juu ya uti wa mgongo, na miguu inakanyaga ardhi isiyotikisika. Hata hivyo mama hao nao wanaumwa shingo na magoti, nawaona kila wiki. Ama paneli, haifai kichwani kabisa. Upepo ukiipiga inageuka tanga la jahazi na kumpeleka mbebaji inakotaka.

Yafuatayo yanasaidia:

1. Paneli ibebwe na watu wawili, mmoja akihesabu ili wainue na kushusha pamoja.

2. Kazi kubwa ya kuunganisha ifanyike nchi kavu, juu ya meza ya usawa wa kiuno, kisha maboya yasukumwe majini yakiwa tayari. Mitambo mingi mikubwa hujengwa hivyo.

3. Kutoka barabarani hadi majini litumike toroli.

4. Fundi anayefunga nati asichuchumae saa nzima. Akalie kigoda kifupi au apige goti juu ya kitu laini, na kila baada ya nusu saa anyooke.

5. Wafanyakazi wapokezane: aliyebeba afunge nati, aliyefunga nati abebe.

Wapo wanaojifunga mkanda au khanga kiunoni wakidhani ni kinga. Haijathibitika kuwa mkanda unamkinga mtu mzima asiumie, na mara nyingi humpa ujasiri wa kubeba zaidi ya uwezo wake. Aidha, mgongo unaouma pamoja na ganzi sehemu za siri, miguu kukosa nguvu au kushindwa kuzuia haja, si wa kukandwa nyumbani. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

PILI: JUA NA JOTO

Mtu aliye juu ya maji anapigwa na jua mara mbili: linalotoka juu na linaloakisiwa na maji na vioo vya paneli. Macho huwasha, na kwa miaka mingi yanaweza kuota nyama kwenye weupe. Kofia pana, miwani ya jua na shati la mikono mirefu la kitambaa chepesi ni vifaa vya kazi, si mapambo. Ndugu zetu wenye ualbino wasipangiwe kazi hii ya kushinda juani, kwani saratani ya ngozi kwao iko karibu zaidi.

Maji ya kunywa ni kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Mfanyakazi mpya asipewe siku nzima ya jua kali tangu siku ya kwanza. Wataalamu wanashauri aanze na sehemu moja ya tano ya muda wa kazi, aongezewe kidogo kidogo kila siku mpaka mwili uzoee. Wengi wanaouawa na joto kazini ni wale wa siku za mwanzo.

Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au mikakamao ya misuli, apelekwe kivulini, alegezwe nguo, apewe maji au ORS. Akichanganyikiwa, akaongea ovyo au akapoteza fahamu, hicho ni kiharusi cha joto. Amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, na akimbizwe hospitali. Asinyweshwe kitu asiye na fahamu.

Katika mwezi wa Ramadhani, msimamizi mwenye kumcha Allah atapanga kazi nzito ianze baada ya Alfajiri na kwisha kabla jua halijawa kali. Anayehofia kudhurika kwa joto awaulize masheikh kuhusu ruhusa ya kufungua na kulipa. Dini yetu haikuja kumuua mtu juu ya chelezo.

TATU: KUZAMA

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa duniani kwa kuzama. Wengi hawakuwa baharini. Walikuwa kwenye mito, visima, malambo na mabwawa kama yetu.

Jaketi okozi livaliwe na kufungwa kabla ya kukanyaga chelezo, hata kwa ajuaye kuogelea, kwa sababu anayegonga kichwa akianguka haogelei. Asifanye kazi mtu peke yake. Pawepo kamba ndefu na dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko, tayari kwa kurushwa. Upepo ukianza kuvuma kutoka mlimani, kazi isimame. Mwezi Septemba 2019 kimbunga kiliusukuma mtambo wa sola unaoelea katika bwawa la Yamakura, Japani, paneli zikapandiana na kushika moto juu ya maji. Ikiwa upepo unaweza kukunja maelfu ya paneli zilizofungwa nanga, utaifanyaje moja iliyo mikononi mwa kijana?

Mwenzako akitumbukia, mrushie kamba au dumu, usimrukie. Akitolewa hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi tano mdomoni. Asipozinduka, kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na haraka, kisha pumzi mbili, uendelee hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

NNE: KICHOCHO, CHOO NA UDHU

Hapa ndipo kijana wetu alipopatikana. Kichocho huletwa na vimelea wadogo wanaotoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Mtu haoni kitu. Baada ya wiki kadhaa minyoo hukomaa kwenye mishipa ya damu, na mayai yake huchana kibofu au utumbo. Kikiachwa miaka mingi huharibu kibofu, figo na ini, na huweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa hiyo, damu katika mkojo isihukumiwe kuwa ni zinaa. Mtu apimwe. Kichocho kina dawa, prazikwanteli, na dozi yake hupimwa na mhudumu wa afya.

Konokono hawa hupenda ukingoni, kwenye maji matulivu yenye majani. Fundi wa sola husimama papo hapo anaposukuma maboya. Vimelea vya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, muda ambao kazi imepamba moto. Kinga yake ni gambuti ndefu, au daraja dogo la mbao ili mtu apite bila kukanyaga maji, na kufyeka majani mahali pa kushushia. Aliyelowa ajifute kwa taulo kwa nguvu na mara moja.

Tuje kwenye choo. Mtu aliye juu ya chelezo kutwa nzima atakwenda wapi? Wengi hujimalizia haja humo humo. Mtume (s.a.w.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Tabibu anaposoma katazo hilo anaona ndiyo njia yenyewe ya kukata mzunguko wa kichocho: mkojo usipofika majini, mayai hayamfikii konokono, na konokono hana cha kumrudishia mtu. Kwa hiyo choo nchi kavu kijengwe kabla ya boya la kwanza kushushwa, na mtumbwi wa kuwarudisha watu uwepo muda wote.

Tukumbuke pia kuwa maji ya kunyweka yanachafuka. Mito ya Uluguru inashuka Ngerengere, Ngerengere inaingia bwawa la Mindu, na maji ya Mindu yanaletwa mabombani mwetu Morogoro mjini. Anayejisaidia bwawani huenda anaandaa maji ya udhu wa jirani yake.

Ama udhu wenyewe, fundi asitawadhe kwa kutumbukiza miguu lamboni. Abebe dumu la maji kutoka nyumbani. Kuyachota maji kwa kopo hakuyafanyi salama hapo hapo, kwani vimelea huweza kuishi humo kwa siku moja hadi mbili. Maji ya lambo yakikaa siku mbili kamili katika pipa safi lililofunikwa, hatari ya kichocho katika kuoga na kutawadha huondoka. Ya kunywa bado yachemshwe.

TANO: UMEME USIOZIMIKA

Umeme wa nyumbani unauzima kwa swichi. Paneli haina swichi ya ndani: maadamu mwanga unaipiga, inatoa umeme. Paneli moja kubwa hutoa volti 40 hivi. Ukiunganisha kumi kwa msururu ni volti 400, wakati umeme wa majumbani ni volti 230. Katika mitambo mikubwa msururu hufika volti 1,500. Na umeme huu ni wa mkondo mnyoofu, wa jamii ya betri. Ukichomoa plagi wakati umeme unapita, cheche haikatiki upesi, inawaka na kuunguza.

Ngozi iliyolowa inapitisha umeme kwa urahisi zaidi kuliko ngozi kavu. Hivyo fundi mwenye mikono mibichi, amekaa juu ya chuma kilicholowa, amejiondolea ngao aliyopewa na Mola wake. Paneli zifunikwe kwa turubai zito kabla ya kuunganisha nyaya. Mikono iwe mikavu na glavu za umeme zivaliwe. Plagi zisilale majini. Waya uliochubuka usifungwe kwa mfuko wa nailoni. Na kazi ya kuunganisha ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, si na msaidizi aliyeokotwa asubuhi.

Mwenzako akinaswa na umeme usimguse. Umeme ukatwe kwanza. Ikiwa yumo majini karibu na nyaya zenye umeme, usiruke. Akishatolewa, hata kama anatembea na kucheka, apelekwe hospitali, kwani umeme huweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuunguza ndani bila kuonekana nje. Jeraha la moto limwagiwe maji safi kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na majivu havina nafasi hapo.

HAKI YA MFANYAKAZI

Haya si hisani ya tajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kuweka mazingira salama na kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, unamhudumia anayeumia, kuugua au kufa kwa sababu ya kazi. Michango yake hutolewa na mwajiri na haikatwi kwenye mshahara. Kwa hiyo kijana aombe mkataba wa maandishi, na akiumia taarifa itolewe mapema.

Wapo wanaosema, "Ajali ni qadar, tumtegemee Allah." Ni kweli tunaamini qadar. Lakini imepokelewa na Tirmidhi kuwa mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) iwapo amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Allah, akaelekezwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Jaketi okozi ndiyo kamba ya ngamia wa fundi. Na katika Surat al-Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu.

DARASA LA NYUMBANI

Baba na mama, kabla kijana hajatoka, muulizeni:

1. Mtakuwa wangapi, na nani anajua kuogelea?

2. Jaketi okozi na kamba vipo, au vitaletwa "kesho"?

3. Choo kiko wapi, na maji ya kunywa ni lita ngapi?

4. Nani anaunganisha umeme, na ana leseni?

5. Ukiumia, nani atalipa, na imeandikwa wapi?

Jibu likikosekana katika mawili kati ya hayo, mwambieni asubiri. Njaa ya siku mbili inavumilika kuliko jeneza.

Ama yule kijana, nilimwomba aje na mkewe. Nilimweleza mama huyo mbele ya mumewe kichocho ni nini na kinaingiaje. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kumbe ni maji." Kijana alimeza dawa, akapona. Siku hizi anafunga sola kama zamani, ila amejinunulia gambuti, na msaidizi wake hashiki paneli peke yake.

Tumuombe Allah (S.W.) awahifadhi watafutaji wetu wa riziki ya halali, juu ya paa, juu ya mlima na juu ya maji. Wabillahi tawfiq.